Nyonga ya Chuma na Mavumo ya Sikio



Ukiipanda njia itokayo Taveta mjini kuelekea kaskazini, ukaipita migomba na mashamba ya mahindi, hufika mahali ambapo ardhi hukatika ghafla na chini yako likawa Ziwa Chala, maji ya buluu yaliyojaa kinywa cha volkano iliyozimika, sehemu yake Kenya na sehemu yake Tanzania. Hakuna mto mkubwa uonekanao ukiingia humo. Maji yake mengi hupita chini ya ardhi kutoka miteremko ya Kilimanjaro. Kingo zake ni kali, na kijia cha kushuka hadi majini chahitaji mguu imara, jicho kali na mwili unaojua uliposimama. Twaanza na kijia hicho kwa kuwa ndicho kilichotuletea mada ya juma hili. Mzee mmoja wa huko, ambaye jina lake twalihifadhi kwa ombi la aila yake, alikishuka tangu utotoni kama mtu ashukaye ngazi za nyumba yake. Miaka mitatu iliyopita alisimama ukingoni, akatazama chini, akarudi nyumbani. Hajakishuka tena.

Tulimtembelea baada ya sala ya Ijumaa. Tulimkuta ameketi chini ya mwembe, bakora ikiwa magotini. Tukamwamkia mara ya kwanza, na ya pili. Kwa ile ya tatu mwanawe aliinama akaikariri salamu yetu sikioni mwake, na mzee akaitikia kwa sauti kubwa, kama afanyavyo mtu asiyejisikia mwenyewe. Mkewe ndiye aliyetusimulia. Mwanzo ilikuwa redio, akitaka ipandishwe hadi majirani wanalalamika. Kisha simu. Kisha siku moja adhana ya magharibi ikatolewa, naye ameketi hapo hapo akisubiri kuisikia. Mzee alidakia, kwa kuwa alikuwa akiyatazama midomo ya mkewe: “Si kwamba nasikia kimya, wanangu. Ningesikia kimya ningeshukuru. Nasikia nyenje usiku na mchana.”

Kuyumba kulifuata. Mchana alijimudu, lakini alfajiri, alipotoka gizani kwenda kutawadha, alilazimika kushika ukuta. Njiani alitanua miguu kama baharia aliyeshuka jahazini. Na hapo ndipo jambo lililomuumiza kuliko maradhi yenyewe lilipoingia. Neno lilipita sokoni kwamba mzee ameanza kunywa. Watu wamemwona akipepesuka. Mtu akimsemesha, hajibu au hujibu visivyo. Ni dalili gani tena yatakikana? Mzee alilipata neno hilo kutoka kwa mtoto aliyelisema bila kujua analolisema. Kwa Ijumaa nne hakwenda msikitini. Mkewe alitwambia kwamba miguu ingemfikisha, ila uso ndio uliokataa.

Tafsiri za ugonjwa wake zilikuwa nyingi. Wa kwanza walisema ni umri. Wengine walisema ni kwinini, na hao hawakusema ovyo, kwani kila mtu mzima wa Taveta ajua yale mavumo ya masikio yampatayo mtu aliyemeza kwinini. Huu ni mji wa malaria ya tangu zamani; wazee wakumbuka ule mradi wa kunyunyizia nyumba dawa ya mbu uliofanywa Pare na Taveta kati ya 1954 na 1959. Lakini mavumo ya kwinini kwa kawaida huondoka dawa ikiisha, na mzee huyu hakuwa ameimeza kwa miaka. Wengine wakamsomea. Sisi hatuwacheki waliomsomea; dua haimkatazi mtu hospitali.

Jambo ambalo hakuna aliyelitaja ni nyonga. Mwaka 2008, baada ya mchango wa jamaa na marafiki, mzee alisafirishwa hadi India akabadilishwa kiungo cha nyonga ya kulia kilichokuwa kimelika. Alirudi akitembea, watu wakamshukuru Mwenyezi Mungu, na habari ikaishia hapo. Nyonga haikumsumbua sana hata baadaye. Ni nani angeunganisha kiungo cha paja na tundu la sikio? Aliyeunganisha ni mhudumu wa kliniki ya masikio, ambaye baada ya kumpima usikivu wa masikio yote mawili na kuona umepungua kwa kadiri moja, aliuliza swali ambalo miaka mitatu halikuulizwa: “Mzee, mwilini mwako kuna chuma chochote?”

Tueleze, basi, uhusiano huo ulivyo.

Kiungo cha nyonga ni tufe lililo juu ya mfupa wa paja, linalozunguka ndani ya kikombe kilicho katika mfupa wa fupanyonga. Kikilika kwa ugonjwa wa baridi yabisi, kwa kuvunjika, au kwa mfupa kukosa damu, kama iwapatavyo wengi wenye selimundu hapa Pwani wakiwa bado vijana, daktari hukiondoa na kuweka cha kutengenezwa. Tufe laweza kuwa la chuma au la kauri. Kikombe chaweza kuwa na bitana ya plastiki ngumu, ya kauri, au kikawa cha chuma kitupu. Aina inayotuhusu leo ni ile ambayo tufe la chuma lasuguana na kikombe cha chuma. Chuma hicho si chuma cha jembe. Ni mchanganyiko wa kobalti na kromi, mgumu mno na usioshika kutu. Watengenezaji waliamini ungedumu kuliko plastiki, na kwamba tufe kubwa lisingechopoka kwa urahisi, hivyo ukapendelewa kwa watu wasio wazee sana na wenye shughuli nyingi. Miaka ya 2000 ulienea duniani.

Ila kila kitu kisuguanacho hulika. Kwa kila hatua chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa jicho, humomonyoka, na kobalti ikayeyuka na kuingia katika damu. Mwili wahitaji kobalti kidogo sana, ile iliyomo ndani ya vitamini B12. Figo huisafisha ziada, lakini ziada ikizidi, au figo zikiwa dhaifu, kobalti hurundikana. Damu ya mtu wa kawaida huwa na chini ya mikrogramu 1 katika lita. Mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Uingereza iliweka mikrogramu 7 kuwa kiwango ambacho kikipitwa, mgonjwa afuatiliwe. Wale waliopata madhara ya mwili mzima mara nyingi walikuwa juu zaidi ya hapo, makumi na hata mamia.

Ndani kabisa ya sikio mna kitu kilichojisokota kama gamba la konokono, ambacho ndicho kisikiacho, na kando yake mna mifereji mitatu yenye maji pamoja na vifuko viwili, ambavyo kazi yake ni kuuarifu ubongo kichwa kimeelekea wapi. Vyote viwili vyategemea chembe hai zenye vinyweleo vyembamba, na mshipa mmoja wa fahamu. Kobalti ikizidi hudhuru chembe hizo na mshipa huo, na ndiyo sababu kusikia na kusimama huharibika pamoja. Tena huharibika pande zote mbili, kwa kuwa damu haibagui sikio la kulia na la kushoto. Mtu wa namna hii mara nyingi haoni dunia ikizunguka. Huona ardhi haitulii. Mchana macho humsaidia. Gizani macho hayamsaidii tena, na nyayo, ambazo nazo zaweza kuwa zimeanza kufa ganzi kwa sumu hiyo hiyo, hazimpi habari ya kutosha. Hapo twaelewa kwa nini mzee wetu alishika ukuta alfajiri na wala si adhuhuri.

Ujuzi huu si mpya kama tunavyoweza kudhani. Katika miaka ya 1950 kobalti ilitolewa kama dawa ya upungufu wa damu, na miongoni mwa waliopewa walikuwamo waliovimba tezi ya shingo na waliopoteza usikivu. Miaka ya 1965 na 1966, huko Quebec nchini Canada, kiwanda cha pombe kilitia kobalti katika bia ili povu lisimame. Wanywaji karibu 50 wakaugua moyo, na takriban 20 wakafa. Kisa hiki twakitaja kwa sababu chake cha kitabibu, lakini tukiri kwamba kilitugusa kwa namna nyingine: mzee ambaye hajapata kuonja kileo maishani mwake alisingiziwa ulevi kwa madini yale yale yaliyowaua walevi wa Quebec.

Mwaka 2010 tabibu wa mifupa wa Alaska, Stephen Tower, ambaye mwenyewe aliwekewa nyonga ya chuma kwa chuma, aliandika katika jarida la upasuaji wa mifupa habari za wagonjwa wawili waliodhurika mishipa ya fahamu na moyo kwa kobalti ya nyonga zao. Miaka miwili baadaye, katika mji wa Marburg, Ujerumani, aliletwa mtu wa miaka 55 ambaye moyo wake ulikuwa unashindwa, haoni vema, na karibu amekuwa kiziwi, pasi na sababu iliyojulikana. Daktari Jürgen Schäfer aliitambua sababu kwa kuwa alikuwa akifundishia wanafunzi wake kwa mchezo wa televisheni wenye kisa kinachofanana. Nyonga ya mtu yule ilikuwa ya kauri. Ikavunjika, akawekewa ya chuma, na vipande vya kauri vilivyobakia vikaisaga chuma ile kama msasa. Alipobadilishiwa, moyo ulipata nafuu ya maana. Macho na masikio yalirudi kidogo tu. Hili wasomaji walishike: masikio hayangoji kama moyo ungojavyo, na kila mwezi wa kuchelewa una hasara yake.

Tukija katika biashara ya viungo hivyo, kisa kilichojulikana zaidi ni cha nyonga iitwayo ASR, ya kampuni ya DePuy iliyo chini ya Johnson & Johnson. Iliondolewa sokoni Australia mwishoni mwa 2009, na mwezi wa Agosti 2010 ikarudishwa duniani kote, baada ya daftari la taifa la viungo la Uingereza na Wales kuonyesha kwamba wagonjwa 12 hadi 13 katika kila 100 walilazimika kufanyiwa upasuaji tena ndani ya miaka mitano. Watu wapatao 93,000 walikuwa wamewekewa. Wengi wao walisumbuliwa na nyonga yenyewe, maumivu, uvimbe, nyama kufa kando ya kiungo. Waliodhurika masikio walikuwa wachache. Marekani kampuni ilikubali mwaka 2013 kulipa kiasi cha dola bilioni 2.5. India, ambako takriban upasuaji 4,700 wa nyonga hiyo ulifanywa, serikali haikuunda kamati ya wataalamu hadi 2017, na wagonjwa wengi hawakupatikana tena, kwa kuwa anwani zilikuwa zimepotea.

Twaomba msomaji asite hapo. Ikiwa Mhindi aliye Mumbai hakupatikana, mgonjwa wa Taveta, Lamu au Malindi aliyekwenda kwa viza ya matibabu na kurudi baada ya wiki tatu atapatikana na nani? Watu wetu wengi wamepelekwa India kwa michango ya misikiti na ya harusi zilizoahirishwa. Sisi tulio katika kamati za michango hiyo twahesabu fedha hadi shilingi ya mwisho, na hatuulizi ni kitu gani kimewekwa ndani ya mtu. Sweden ilianza daftari la taifa la nyonga mwaka 1979, Uingereza na Wales 2003, na hata Malawi, nchi isiyotuzidi kwa utajiri, ilianzisha lake mwaka 2005. Penye daftari, kiungo kibovu hujulikana mapema, na aliyekibeba huitwa kwa jina lake. Pasipo daftari, daftari ni ile bahasha iliyo chini ya godoro.

Na bahasha hiyo ndiyo iliyomtesa mwana wa mzee wetu. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini ilisema tu kwamba nyonga imebadilishwa. Vile vibandiko vyenye jina la kampuni, namba ya kifaa na ukubwa wa tufe, ambavyo hutolewa katika kasha la kifaa na kubandikwa faili la mgonjwa, havikuwamo. Aliandika barua pepe huko mara nne kabla ya kujibiwa. Alipojibiwa, alipewa jibu la kweli: chuma kwa chuma. Picha ya eksirei peke yake haikutosha kulijua hilo kwa yakini, ijapokuwa daktari wa mifupa aliishuku alipoona tufe kubwa lisilo na nafasi ya plastiki.

Hatutaki mtu aisome makala hii akaingiwa na hofu isiyo mahali pake. Yule kijana aliyeanguka na bodaboda akatiwa chuma ndani ya mfupa wa paja au sahani yenye skrubu hana jambo hapa. Vyuma vile havizunguki wala kusuguana kama kiungo. Bibi aliyevunjika shingo ya paja akabadilishiwa tufe peke yake, kama ifanywavyo katika hospitali zetu nyingi, tufe lake lazunguka katika kikombe chake cha asili. Waliobadilishiwa nyonga miaka ya karibuni, kwa sehemu kubwa wana bitana ya plastiki au kauri. Na hata wenye chuma kwa chuma, wengi huishi nacho bila sikio kuvuma. Sababu nyingine za uziwi na kuyumba ni nyingi kuliko hii: umri, kelele za viwandani, kisukari, na dawa. Sindano ya jentamaisini, ambayo huokoa roho nyingi, yaweza kuiharibu mizani ya mwili pande zote mbili kama ifanyavyo kobalti. Na aliyepata usaha katika nyonga baada ya upasuaji huenda alidungwa hiyo. Kanamaisini iliwaacha wagonjwa wengi wa kifua kikuu sugu wakiwa viziwi, hadi Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2018 isitumiwe tena. Basi daktari aambiwe dawa zote, si chuma peke yake.

Kuna pia kile kisunzi cha ghafla kimpatacho mtu anapoinua kichwa kutoka sijda au anapojigeuza kitandani, dunia ikazunguka kwa nusu dakika kisha ikatulia. Hicho aghalabu ni vijiwe vidogo vya ndani ya sikio vilivyotoka mahali pake, na huondolewa kwa kugeuzwa kichwa kwa utaratibu na mtu aliyefunzwa. Wengi hukimezea vidonge miaka mingi bure.

Lakini mwenye nyonga ya kubandikwa, hasa ya miaka ya 2003 hadi 2012, ambaye masikio yote mawili yamepungua kwa kasi isiyo ya umri, au yavuma bila kukoma, au asiyeweza kusimama gizani, au ambaye kando ya hayo amekuwa mchovu, asikiaye baridi, aonaye ukungu, apumuaye kwa shida, huyo asingoje nyonga imuume ndipo aende. Akapimwe usikivu, akaonwe na daktari wa mifupa, na aombe apimwe kobalti na kromi katika damu. Kipimo hiki hakifanywi kila mahali. Damu hutiwa katika chupa maalumu isiyo na mabaki ya madini na mara nyingi hupelekwa mbali. Kutoka Chala, hospitali ya KCMC iliyoko Moshi i karibu kuliko Mombasa, ukivuka mpaka Holili. Wengine hupendelea barabara ya lami hadi Voi, zaidi ya kilomita 100, kisha Pwani au Nairobi. Kila mtu apime nauli na ahali zake. Na kifaa kikithibitika kuwa na kasoro, taarifa ipelekwe kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 yampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora ufaao na haki ya kupata maelezo yake, na kiungo ndani ya mwili ni bidhaa iliyonunuliwa.

Kuhusu ibada, mzee alituuliza, nasi tulimpelekea imamu swali lake. Mwenye kuhofia kuanguka huswali ameketi, na kiti chenye mgongo kilichoegemezwa ukutani ni bora kuliko zulia tupu kwa mtu ambaye daktari amemkataza kuikunja nyonga kupita kiasi. Imamu alifanya jambo lingine ambalo hatukumwomba. Kwa idhini ya mzee, baada ya sala alieleza mbele ya jamaa, kwa maneno machache, kwamba mwenzao ana sumu ya madini katika damu na kwamba kupepesuka kwake ni ugonjwa. Waliosema sokoni walikuwamo. Wawili walikwenda nyumbani kwake jioni ile.

Majibu ya damu yalirudi baada ya majuma matano, nayo yalikuwa juu sana ya ile mikrogramu 7. Madaktari wameshauri kiungo kitolewe, kiwekwe cha kauri na plastiki. Aila yaipima gharama, na pia umri wake na moyo wake, ambao unapigwa picha mwezi huu. Ameambiwa wazi kwamba masikio huenda yasirudi. Mwanawe amefunga kamba kutoka mlango wa nyuma hadi kwenye mfereji wa kutawadhia, na taa ya sola juu yake. Ijumaa iliyopita mzee alikuja msikitini akishikwa mkono na mjukuu, akawekewa kiti safu ya mbele, mkabala na mimbari, ambapo aweza kuitazama midomo ya khatibu.